Jante ya Papa na Machine ya Kakule

Kazi moya ya juma, 3 juin

Pneu tatu za mupira nimetengeneza tangu asubui. Mbili ya moto, ni kusema pikipiki, moja ya brouette, kigari ya kusukuma. Kidole gumba ya kushoto ingali imevimba. Jana ku misa nilishika kitabu na mukono moja tu. Leo chuma ya kubandua na kutosha pneu ku jante imeteleza tena, ikanipiga pale pale. Bibi yangu ya ndoa, Masika, akafunga na kitambaa. Nikaendelea. Kwado yangu ya kutengeneza pneu ni hapa ku parcelle ya nyumba, chini ya mabati, nani atanifanyia kazi?

Mangaribi Masika ananiletea habari. Kakule, kule ku kwado yake Beni, amenunua machine ya kutosha pneu. Ya mukono. Anafunga roue, gurudumu yote, juu, anazungusha, basi. Kakule, mudogo wangu! Mimi njo nilimufundisha kushika chuma.

Nilisema: bien. Bugali haikukuwa na butamu.

Kazi tatu, 5 juin

Papa, baba yetu na Kakule, amepita mbele ya mulango yangu. Ndani ya taxi, na roue ya nyuma ya moto yake ku magoti. Akanipungia mukono. Anaenda Beni, kwa Kakule.

Kutoka kwake mupaka kwangu ni dakika kumi kwa miguu. Yeye anapita ma-barrière yote ile ya maaskari juu ya pneu moja.

Niko na wivu. Naandika hivyo hivyo: niko na wivu.

Siku ya posho, 8 juin

Papa amerudi. Kumbe anasifu machine ku batu bote. Eti jante, chuma ya roue, haikupata hata alama. Na jante zangu, miaka kumi na moja, nani alizisifu?

Nimekata kijiti, nikapima tundu ya katikati ya kila jante iko hapa. Ya moto: kidogo, axe yake, chuma inazungukia, hiyo tu njo inapita. Ya brouette: vilevile kidogo. Donc inanipasa machine yenye chuma nyembamba katikati, ya kupita mu tundu. Kazi yangu naijua. Nitaenda kuchagua mimi mwenyewe.

Kazi mbili, 11 juin

Beni. Kakule alinisindikiza ku quincaillerie, duka ya vyuma, hapana mimi nilimuomba. Machine zilikuwa mbili. Moja kama yake: fupi, chuma nyembamba, griffe tatu za kushika jante. Ingine nyekundu, kubwa, inanifika ku kiuno.

Kijiti ilikuwa mu mufuko. Muuzaji akauliza ni ya roue gani. Kakule akajibu mbele yangu: "Yaya, twala hii ya kidogo. Wewe ni mutu wa moto na brouette."

Ya kidogo! Mbele ya batu! Nikasema ma-jeep nayo itakuja kwangu. Nikatwala nyekundu. Kijiti sikuitosha mu mufuko.

Kakule akaibeba mupaka ku taxi. Nilifurahi sana vile ilimulemea.

Kazi ine, 13 juin

Haiingie.

Chuma ya katikati ni nono kama mwiko ya bugali. Roue ya moto, hapana. Ya brouette, usiseme. Na nilijua! Nilipima na mikono yangu mwenyewe! Jeep gani itafika huku Mususa, mu kanjia hii ya mashimo na chukudu za miti?

Majirani bamekuja kuangalia. Nikafunika machine na kikwembe ya Masika. Masika akasaidia kuikaza ku pembe. Afazali angenitukana. Mujinga ni mimi.

Siku ya Mungu, 16 juin

Kisha misa Papa amekuja. Na roue ya mbele. Kwangu.

Alikaa ku kibao. Hapana kuuliza iko nini chini ya kikwembe. Aliomba kuona kidole yangu. Akaigeuza, akaiangalia sana. Akasema ile Siku ya Mungu, mbele ya kuenda Beni, aliiona ku misa vile imevimba, njo sababu alipeleka roue Beni. Hakutaka kunitesa. Sasa ameona inapona.

Nilijifanya natafuta pompe.

Kisha nikatwala bichuma byangu bibili. Papa akaweka goti juu ya pneu, akakaza upande wake. Akasema kidole moja haivunje chawa. Tulienda polepole. Pneu ikatoka, jante haina alama.

Akaniambia wasingya, aksanti ya kwetu. Ku mulango akarudilia tena: wasingya, Kambale. Mara mbili.

Kwa Kakule sijui alisema mara ngapi.