Mama, Usimwage Maji Kwenye Theluji

Mama yangu uliye mbali,

Barua hii nitaibandika kwenye mlango wa friji kabla ya kuipiga picha na kukutumia. Nataka Baba aisome akitafuta maziwa ya chai, na Shangazi Rhoda aisome Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, akipitia kwetu kutoka kanisani. Unajua mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Basi nitasema mbele ya friji.

Wiki iliyopita kwenye simu uliniambia nisije Kanada. Viza imetoka, shule ya huko imenipokea, na sasa unataka niende Nakuru nikamalizie masomo kwa Nyanya. "Baridi hii si ya mtoto wangu," ulisema. Nilinyamaza kama kawaida yangu, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa natafuta maneno, na yamechukua muda kufika.

Unaikumbuka roshani yetu hapa Al Rayyan, pembeni mwa Doha, baada ya tufani ya vumbi? Kila kitu kilikuwa na rangi ya biskuti: viti, kamba ya nguo, hata majani ya sukuma wiki uliyoipanda kwenye ndoo ya rangi. Ulijifunga leso mdomoni, ukapandisha gauni, ukanipa ule mpira wenye mpini mrefu wa kusukumia maji. Mara ya kwanza nilichukua ufagio, ukaninyang'anya. "Vumbi kavu halifagiliwi, Neema. Ukilifagia litahamia kifuani mwako. Limwagie maji, litashika adabu." Ukamwaga ndoo nzima, nami nikasukuma tope hadi kwenye tundu la kutolea maji. Tulirudia mpaka vigae vikang'aa. Kisha ukasema, kama ulivyosema kila mara, "Jangwa lilikuja kutusalimu, tumelisindikiza."

Ndiyo maana, theluji ilipofunika ngazi za nyumba yako kwa mara ya kwanza, ulifanya ambalo mwanamke yeyote aliyeosha roshani ya Doha angelifanya. Ulichemsha maji, ukajaza ndoo, ukamwaga. Theluji ikayeyuka, ukafurahi, ukaenda kulala. Asubuhi ulipotoka kwenda kazini kuwahudumia wazee wako, maji yalikuwa yameganda, ngazi zote zilikuwa kioo.

Ulitaka kutuficha. Simu uliishika kwa mkono mmoja, ukaongea juu ya kanisa, juu ya bei ya ndizi, juu ya mzee mmoja anayekuita malkia. Lakini kilemba chako kilikuwa kimekaa upande, na fundo lake lilikuwa la mtu anayefunga kwa mkono mmoja na meno.

"Mama, mkono wa kulia uko wapi?"

"Uko hapa hapa. Utaenda wapi?"

"Uonyeshe."

Plasta ya mkono uliovunjika ikapanda polepole kwenye kioo cha simu, nyeupe kama hiyo theluji yenyewe. Baba alikuwa nyuma yangu na sahani yake ya ugali.

"Mama Neema! Umepigana na nani?"

"Na ndoo."

Baba alicheka mpaka akaweka sahani chini. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaenda kusimama dirishani. Nawe ukaniambia, "Wewe msomaji, nitafutie mashine ya kurusha theluji. Iliyo nzuri. Hapa kila mtu ananisifia yake."

Nilisoma, Mama. Nilisoma kwenye maktaba ya shule huku kipozahewa kikinipulizia shingoni, na nje jua la mchana likiwa limewafukuza hata paka. Kuna mashine ndogo za umeme, nyepesi, unaweza kuinua kwa mkono mmoja. Hizo ni za theluji changa ya kwenye baraza. Kuna za injini zenye makasia ya mpira yanayokwangua ardhi na kurusha papo hapo. Zinasafisha vizuri, lakini njia yako ya gari ni ya kokoto, na makasia yale yangeokota kokoto na kuzitupa kwenye dirisha la jirani. Halafu kuna zile kubwa za hatua mbili: mbele chuma kilichojipinda kama skrubu kinakula theluji, nyuma yake feni inaitupa mbali kupitia bomba. Magurudumu yake yanajisukuma yenyewe. Kuna za hatua tatu pia, zenye chuma kingine katikati cha kuvunjavunja mabonge, na kuna zinazotembea kwa minyororo kama kifaru cha vita.

Kipindi cha Kiingereza mwalimu alitutaka tusimame tulinganishe vyombo vya nyumbani. Wenzangu walilinganisha simu na vipozahewa. Mimi nilisimama na karatasi yangu, nikataja mashine za theluji. Darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja anayekaa nyuma, ambaye hata kalamu huazima kwangu, akasema, "Neema, theluji umeiona wapi? Kwenye friza ya samaki?"

Unajua siku nyingine ningekaa. Ningekaa, nikajifanya naangalia kiatu. Siku hiyo nilikuona wewe umelala chali chini ya ngazi, peke yako, ukiangalia mbingu ya watu. Nikasema, "Mama yangu anaiona kila asubuhi. Naomba nimalize." Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yangu. Nikaeleza makasia, nikaeleza feni, nikaeleza bomba. Nilipofika kwenye ukuta wa theluji ambao gari la jiji la kusukuma theluji barabarani linauacha mdomoni mwa njia yako kila linapopita, ule mzito, uliochanganyika na barafu na chumvi, hakuna aliyekuwa akicheka. Yule kijana akauliza, "Sasa hiyo ndogo ya umeme si itakufa hapo?" Nikamjibu, "Itakufa, ndiyo."

Nyumbani Baba alitaka kusikia yote. Unamjua, mtu wa karakana ya Industrial Area ya hapa Doha, mashine anazihukumu kwa bolti. Nilipomsomea kwamba skrubu ile imefungwa kwa bolti laini zinazokatika zikigonga jiwe, aligonga meza. "Bolti inayokatika? Huo ni wizi! Ikija, mwambie mama yako azitoe zote. Nitamtumia za chuma kigumu."

"Baba, zimewekwa zikatike ili giaboksi isivunjike."

Akatafuna tonge lake. Akatafuna tena. "Kumbe ni fyuzi," akasema. "Basi anunue na za akiba." Kwa hiyo Mama, ukisikia mtu wa kwetu akikushauri ufunge bolti ngumu, usimsikilize, hata kama mtu huyo ni mume wako.

Tukafikia uamuzi, mimi na yeye. Ya hatua tatu ina kasi, ni kweli, lakini ni nzito kuigeuza. Yenye minyororo inafaa mlima, na wewe una kamteremko tu. Nunua ya hatua mbili, yenye mdomo wa inchi ishirini na nne, kwa sababu kwa upana huo haitakushinda kwenye kona. Iwe na stata ya umeme, ile ya kuchomeka ukutani, maana kamba ya kuvuta itakurudisha hospitali. Iwe na vitufe vya kugeuzia chini ya vidole. Na theluji ya majimaji ikiziba bomba, zima injini kwanza, halafu tumia kijiti chake. Usitie mkono, Mama. Hata kama umechelewa kazini. Tayari mkono mmoja umeshautoa sadaka.

Nilikuwa na furaha siku niliyokutumia hayo. Kisha theluji nyingine ikakuangukia mpaka ikafunika dirisha la chini, ukashinda ndani siku nzima bila kwenda kazini, na jioni ukapiga simu. Hukuuliza habari ya mashine. Ulisema, "Achana nayo. Nitahangaika peke yangu mpaka mkataba uishe. Wewe usije."

Shangazi Rhoda anakuunga mkono. Ijumaa alisema hapa hapa jikoni, "Mtoto mwenyewe hata kuagiza chai mkahawani anaogopa, atapambana na mabarafu?" Shangazi, kama unasoma: ni kweli naogopa kuagiza chai. Lakini kuogopa hakujawahi kunizuia kusukuma tope.

Unakumbuka ulivyonipeleka kwenye ule uwanja wa barafu ndani ya duka kubwa? Hatukuingia. Tulisimama kwenye ukingo, tukatazama watoto wakianguka na kuinuka, na ile mashine ikipita kulainisha barafu. Ulitoa mkono juu ya ukingo ukaupeleka usoni mwangu, ukiwa wa baridi. "Hii ni baridi ya kulipia," ulisema. "Iko nchi ambako wanaitoa bure." Tukacheka. Ulikuwa tayari unaota kuondoka, na ndoto ile ulinipakia ndani yake bila kuniuliza. Sasa huwezi kunishusha njiani.

Nimekaa hapa nikiangalia ule mpira wa kusukumia maji, umeegemea ukuta wa roshani. Jana vumbi lilikuja. Baba alikuwa zamu, nikaosha peke yangu, ndoo na ndoo, na mikono yangu haikuuma. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu kikianguka kutoka angani kikaziba mlango, mtu halii. Anapandisha gauni. Hukuniambia kwamba somo hilo ni la mchanga peke yake.

Kwa hiyo siendi Nakuru. Nyanya nampenda, nitamwandikia mwenyewe. Baba hakusubiri friji, amesoma mpaka hapa akiwa nyuma yangu, kisha ameenda kushusha sanduku kubwa kutoka juu ya kabati na anafuta vumbi lake kwa kitambaa kikavu. Sijamkosoa.

Nunua mashine, Mama. Jaza petroli. Weka bolti za akiba kwenye kikombe kilichovunjika mpini, usizipoteze. Na siku nitakayofika, naomba jambo moja tu: usiisafishe njia. Uiache kama ilivyoanguka, pamoja na ule ukuta wa gari la jiji. Kaa ndani, pika chai, utazame dirishani.

Nitaanzia hapo kwenye ukuta, nije mpaka mlangoni.

Ni mimi, binti yako, msukuma tope wako wa roshani,
Neema