Nimemsingizia Mbuzi wa Jirani

Mpendwa mshauri,

Kwanza niwie radhi kwa kukaa muda wote huu bila kukuandikia, maana jambo lenyewe si la jana, lakini kila nikishika kalamu mtoto analia au pasi imepata moto, na pasi ikishapata moto siwezi kuiacha, basi barua hii nimeianza mara nyingi na ile ya kwanza mtoto aliitafuna. Leo amelala, nami naomba msaada wako kabla mbuzi wa watu hajapelekwa kwa mwenye bucha kwa kosa ambalo ni langu mimi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa yuko chekechea na mdogo ndiyo kwanza anasimama kwa kushika meza. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Zamani nilikuwa nayapeleka kichwani, shingo ikawa inakaza mpaka siwezi kugeuka kumwangalia mtoto mgongoni, ndipo mume wangu akanunua pikipiki, akanifundisha mwenyewe kwenye uwanja wa shule, na nakuambia ukweli mshauri, nikiwa juu ya ile pikipiki inatembea najiona mtu. Ikishaanza kwenda hainisumbui kabisa. Kona napita, mashimo nakwepa, malori yananipigia honi nami nayapigia. Shida yangu ni kusimama.

Mimi ni mfupi. Ni mfupi wa kupanda kigoda ili nifikie kamba ya kuanikia. Nikisimamisha pikipiki, vidole tu ndivyo vinavyogusa chini, kisigino kinabaki hewani kama cha mtu anayechungulia ukuta wa jirani, na huko nyuma mzigo wa mashuka nimeufunga juu ya keria mpaka umenipita kichwa. Sasa nikifika kwenye nyumba ya wageni ninayoitegemea zaidi, pale mbele ya geti pameinama upande wa kulia kuelekea mtaroni, nakanyaga breki vizuri, pikipiki inasimama vizuri, natoa mguu wa kulia nikanyage chini, na chini haipo. Ipo, ila iko mbali. Basi inaanza kuinama taratibu, mshauri, taratibu kabisa, unapata muda wa kumsalimia mlinzi, unapata muda wa kuangalia nani anakuangalia, halafu tunalala wote, mimi, pikipiki na mashuka ya watu.

Mara ya kwanza mlinzi alikuja mbio. "Mama, umeumia?" Nami kwa aibu, bado nimelala juu ya mashuka, nikamjibu, "Hapana kaka, nimepumzika tu." Alicheka mpaka akashikilia geti. Tangu siku hiyo jina langu mtaa ule mzima ni Mama Pumzika. Nikitokea kwenye kona nawasikia wauza mboga, "Haya, mtandikieni mkeka, huyo anakuja!" Hata mwanangu wa chekechea, mwalimu alimuuliza mama anaitwa nani, akasema Pumzika.

Kuchekwa nimezoea, mara nyingine nacheka nao. Shida ni mume wangu. Yeye ni dereva wa lori, anarudi mwisho wa wiki, na siku aliyonikabidhi ufunguo alisema, "Mama watoto, siku nikisikia umeanguka, pikipiki naiuza. Sitaki wanangu wabaki bila mama." Alisema kwa mapenzi, lakini alisema. Kwa hiyo aliporudi akakuta kioo cha kulia kimevunjika na tangi limebonyea upande huo huo, akauliza imekuwaje, mimi nilikuwa nanyonyesha, nimechoka, macho yangu yakaenda dirishani, na pale dirishani alikuwa amesimama mbuzi wa jirani anatafuna soksi yetu. Nikasema, "Si huyo hapo. Alikuwa anajikuna kwenye pikipiki, ikaanguka."

Mbuzi huyo ni wa bibi wa nyumba ya pili. Watoto wamempa jina Mkaguzi, kwa sababu kila asubuhi anapita mlango kwa mlango kuangalia nani ameanika nini. Hana ubaya na mtu. Na bibi mwenyewe, ingawa si wa ukoo wetu, ndiye anayenishikia mtoto nikienda kupeleka mashuka. Nilidhani maneno yangu yataishia pale dirishani. Lakini nilipoanguka tena ikawa mbuzi tena. Indiketa ya kulia ilipopasuka, mbuzi. Maana mimi huangukia kulia siku zote, sijawahi kubadilisha. Halafu Jumapili moja mume wangu alitoka na pikipiki kwenda kunyoa, aliporudi nikaona mkwaruzo mrefu upande wa kushoto na mkono wa klachi umepinda, huo hata sijui ulitoka wapi, na kabla sijauliza, yeye mwenyewe akasema, "Umeona yule mbuzi alichofanya tena?" Nikasema nimeona. Nikajua sasa uongo wangu umekua, unatembea wenyewe bila kushikwa mkono.

Jioni hiyo hiyo mume wangu akaenda kwa bibi. Hakugomba, si mtu wa kugomba. Alisema, "Bibi, shikamoo. Mbuzi wako anatuangushia pikipiki, tunaomba umfunge." Bibi akashangaa, "Mbuzi wangu? Lile lipikipiki lote?" Lakini kwa heshima akamfunga kwenye nguzo nyuma ya jiko. Sasa Mkaguzi analia mchana kutwa, majani anayaangalia tu, na bibi nikimpelekea mtoto haniangalii usoni, anasema, "Mlete mjukuu wangu," basi, imetoka hiyo. Juzi akaniambia mwenye bucha anakuja mwisho wa mwezi kumchukua. "Sitaki maneno na majirani kwa ajili ya mnyama." Mshauri, nilirudi nyumbani nikashika pasi nikaisahau juu ya shuka mpaka nikasikia harufu.

Nikisema ukweli, pikipiki inauzwa na mimi narudi kubeba kichwani. Nikinyamaza, mbuzi anachinjwa, na bibi ataendelea kumbeba mwanangu kwa mikono ile ile huku moyo wake nimeuchoma mimi. Na nyumba yangu ina raha, nisije nikaonekana nalalamika, watoto wazima, mume tunacheka naye, ni hili tu limekaa kooni.

Kwa hiyo nahitaji unitumie neno la kumwambia mume wangu, neno la kumwambia bibi, na kama kuna dawa ya kuisogeza ardhi karibu, naomba na hiyo.

Ni mimi, Mama Pumzika


MSHAURI ANAJIBU

Mama Pumzika,

Barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaiweka juu, maana wewe unaweza kungoja lakini mbuzi hawezi. Nilipofika kwenye "nimepumzika tu" nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akaja kuchungulia. Nilipofika kwa bibi nikaacha kucheka. Nawe uache.

Pole kwa shingo, pole kwa uchovu. Najua mtu anayenyonyesha huku ana lundo la pasi linamsubiri anaweza kutamka lolote limtokalo mdomoni. Lakini ile ya kwanza ilikutoka. Ya pili na ya tatu ulizitoa mwenyewe. Umemwacha bibi wa watu anayekushikia mtoto amfunge mnyama wake kwa heshima yenu, nawe ukapita hapo mlangoni kila siku ukimsikia mbuzi analia. Hapo umekosea, na hapo sikupambi.

Sasa ichukue barua yako uisome kama ni ya mtu mwingine. Umeniambia unaangukia kulia siku zote. Huo mkwaruzo wa kushoto ni wa nani? Stendi ya pembeni ya pikipiki iko upande gani? Kushoto. Mtu akishuka kwa mbwembwe akasahau kuishusha, pikipiki inalalia wapi? Na siku hiyo ilitoka na nani? Na nani aliyewahi kumtaja mbuzi kabla hujafungua mdomo? Mwanangu, mbuzi mmoja huyo anawafanyia kazi watu wawili.

Usiruke kwa furaha. Usiende kwa mumeo kama askari aliyemkamata mtu. Anza kwa bibi, na uende leo, kwa miguu, peke yako. Mwambie, "Bibi, mbuzi hakuangusha pikipiki. Niliangusha mimi, nikamsingizia." Ukishasema hayo nyamaza. Usiongeze "lakini", usiongeze "unajua bibi". Akikugombeza, gombezwa. Akikuruhusu, ifungue ile kamba kwa mkono wako mwenyewe.

Kisha mumeo. Mkae watoto wakiwa wanacheza nje. Mweleze ya kulia yote, moja baada ya nyingine, na umwambie kwamba hofu yake ya kukupoteza umeisikia. Hofu hiyo ni ya kweli, usiifanyie mzaha. Ukimaliza, mwekee chai, umuulize kwa upole, "Na ya kushoto, baba?" Halafu kunywa chai yako. Hakuna neno lingine la kukutumia hapo.

Ardhi siwezi kuisogeza, ila wewe unaweza kushuka. Kiti cha pikipiki kipelekeni kwa fundi wa makochi apunguze sponji. Vaa kiatu cha soli nene, achana na kandambili. Nimeshajua unavaa kandambili, hukuniambia lakini najua. Mashuka yagawe kwenye mifuko miwili ining'inie huku na huku chini ya keria, usijenge ghorofa nyuma yako. Usukani uwe umenyooka kabla hujashika breki. Mguu wa kulia uache kwenye breki mpaka pikipiki itulie, unaoshuka chini ni wa kushoto. Macho yaangalie geti, usiangalie chini, kwa sababu unapoangalia ndipo unapokwenda. Na yule mlinzi badala ya kucheka afungue geti mapema, usimame ndani palipo sawa.

La mwisho nalisema kwa ukali. Ikianza kulala, iache ilale. Usiikinge kwa mguu. Tangi lina fundi wa kulinyoosha, mguu wako una watoto wawili wanaoungoja nyumbani.

Nenda kwa bibi.


MAMA PUMZIKA AMETUANDIKIA TENA

Mpendwa mshauri,

Samahani, nimechelewa tena, safari hii mtoto ameota jino.

Nilikwenda siku ile ile gazeti lenye jibu lako lilipotoka. Nikasema kama ulivyoniambia, nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu. Bibi aliendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Mbuzi huyu pikipiki ikiwaka anakimbilia chini ya kitanda changu. Ataiangushaje?" Nikamuuliza, "Bibi, kumbe ulijua?" Akasema, "Nilikuwa nakungoja uje. Ila ulichelewa, mjukuu wangu, ulichelewa sana." Machozi yakamlenga, yangu yakamwagika kabisa. Nikamuuliza mwenye bucha tumwambieje. Akasema, "Mwenye bucha gani? Sijamwita mtu." Kamba nilifungua mwenyewe, na Mkaguzi akaenda moja kwa moja kwenye kamba yangu ya nguo.

Kwa mume wangu nilisema yote ya kulia. Alikasirika, nisikufiche, alitoka akasimama nje akiitazama pikipiki, akarudi akakaa. Nikamwekea chai nikauliza ya kushoto. Akageuka dirishani, na dirishani mbuzi amesimama. Akainua kidole amnyooshee. Kisha akaanza kucheka hadi chai ikamwagika. Ilikuwa kwa kinyozi, ameshuka anasalimia watu, stendi hakuishusha, pikipiki ikalala mbele ya waliokuwa wanasubiri zamu, na kinyozi akasema mteja mwingine huyo, naye anataka kunyolewa upande mmoja. Ndiyo maana alimtaja mbuzi haraka vile. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa bibi, akaomba radhi akiwa amechuchumaa.

Pikipiki haiuzwi. Kiti kimepunguzwa, mifuko miwili nimeshona kwa shuka lile lililoungua, na mume wangu amenifundisha upya pale uwanjani, kusimama tu, asubuhi nzima kusimama, na watoto wanatupigia makofi.

Vilivyobaki ambavyo bado nahitaji unitumie ni hivi. Nakala nyingine ya gazeti lile kwa ajili ya bibi, kwa sababu anataka kuwaonyesha majirani kwamba mbuzi wake hana hatia, na yake Mkaguzi ameila. Jina la duka lolote linalouza viatu vya soli nene vya saizi ya mtoto wa shule, maana vya watu wazima vinanivuka. Na dawa ya upande wa kushoto, kwa kuwa tangu uliponiambia nitangulize mguu wa kushoto, kulia nimepona kabisa, na jana nimepumzika kushoto.