Mashine Iliyokuwa Ikizimika Nyasini

Milanzi, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi, nimevaa koti na ni mchana. Goti lako linaendeleaje? Dada Mbuke aliniambia mvua zikinyesha linakusumbua. Na mke wangu Kabula, tumbo limeshamwelemea? Mimi sijambo, nakula, nalala, kazi ipo. Wafipa wamenipokea vizuri. Ugali wao wa ulezi nimeuzoea, na dagaa wa Kipili nawapata sokoni.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na jambo lenyewe ni refu. Mbuke, msomee mama polepole, usiruke mahali. Kabula naye akae hapo asikilize.

Mama, unajua kazi yangu hapa hospitalini ni usafi wa nje: nafagia, nachoma taka, nakata nyasi. Nyuma ya wodi kuna nyumba ambamo wajawazito wanaotoka mbali hukaa kusubiri siku zao zifike. Wengine wanatoka ziwani, wengine bondeni huko Milepa. Mvua za mwaka huu zimeotesha nyasi mpaka zikafika madirishani. Siku moja mama mmoja akaona nyoka anakatiza njia ya chooni. Tangu hapo wakawa wanaogopa hata kutoka kuanika nguo.

Ile njia niliifyeka kwa fyekeo, lakini eneo ni kubwa. Ukimaliza huku, kule kumeshaota. Tunayo mashine ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma, yenye injini ya petroli. Shida yake ilikuwa inazimika. Ukivuta kamba inawaka, inanguruma pale kwenye sakafu ya saruji kama haina kasoro. Ukiisukuma nyasini, hatua chache tu inakohoa, kimya. Unavuta tena, inawaka, inazimika. Bega likavimba kwa kuvuta kamba.

Nilidhani ni plagi. Nikaifungua, nikaisugua, nikairudisha, wapi. Nikamwaga petroli ya zamani nikatia mpya, wapi. Nikaipakia kwenye toroli mpaka kwa fundi mjini. Akaiwasha, ikanguruma pale kibandani kwake bila kuyumba. Fundi akaniangalia akasema, "Mshikaji, hii nzima. Labda wewe ndiye huijui." Nikarudi nayo, nikaiingiza nyasini, ikazimika. Mama, nilikaa chini pale pale. Mkubwa wa hospitali alikuwa ameshaniambia, kwa upole lakini nimsikie, kwamba kama kazi imenishinda atatafuta mtu mwingine.

Nikiwa nimekaa hivyo, nikaona mama mmoja amesimama mlangoni mwa ile nyumba, mfuko wake wa nguo umefungwa. Anaitwa Minza. Ni Msukuma mwenzetu. Wazazi wake walihamia Milepa na ng'ombe. Alikuwa anamwambia muuguzi, "Mimi narudi nyumbani. Hapa kuna nyoka, halafu sina wa kuongea naye. Wenzangu wanaongea Kifipa wanacheka, mimi naangalia ukuta. Uchungu ukianza nitakuja."

Muuguzi, anaitwa Leokadia, akamshika mkono. "Mara ya kwanza si ndivyo ulivyofanya, mama? Ulisubiri uchungu uanze."

Minza akainamisha kichwa. Baadaye ndipo nikajua kwamba mtoto wake wa kwanza alimpoteza njiani, wakipanda mlima kwa pikipiki kutoka bondeni, mvua imekata barabara.

Nikasogea nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akageuka upesi. Machozi yakamlengalenga, huku anacheka. Tukaulizana habari za ukoo, za ng'ombe, za mvua. Leokadia akatuacha tuongee. Mwisho Minza akaitazama mashine.

"Mbona inalia halafu inanyamaza?"

"Nje ya nyasi inakwenda vizuri. Ikipata kazi, inakufa."

"Yetu ya kusagia ilikuwa hivyo hivyo," akasema. "Bila mahindi inaimba. Ukimimina mahindi, kimya. Mume wangu alihangaika, kumbe pale inapovutia hewa pameziba kwa unga."

Mimi hapo sikuwa nimepagusa. Nikafungua kifuniko cha pembeni. Ndani mna sponji ya kuchuja hewa, na ilikuwa nyeusi tii. Nilipoikamua ikatoa tope. Nikaifua kwa sabuni, Minza akaipokea akaianika kwenye kamba katikati ya khanga za wenzake. Mama mmoja mnene wa Kipili akachungulia dirishani, "Nani kaanika sponji ya kuogea inayofanana na panya?" Minza akamweleza. Wakatoka na wengine, wakaanza kuipepea kwa mifuniko ya sufuria ili ikauke upesi, kila mmoja anatoa shauri lake kuhusu injini, na Kiswahili kikawa ndicho cha wote.

Ilipokauka nikairudisha. Mashine ikaenda mbali kuliko siku zote, halafu ikazimika tena. Nilitaka kuipiga teke.

"Pumzi imepata," Minza akasema. "Sasa kuna kitu kinaishika."

Nikachomoa waya wa plagi, isije ikaniwakia mkononi, nikailaza ubavu. Mama, chini kote kulikuwa na nyasi mbichi zimegandamana kama ukoko wa ugali, kisu hakina nafasi ya kuzunguka. Na kisu chenyewe butu, kimeng'oka meno kwa mawe. Nikakwangua kwa kijiti, nikakinoa kwa tupa, nikashusha magurudumu mashine iinuke, ikate juujuu kwanza, ndipo nirudie chini. Awali nilikuwa nazilazimisha zote kwa mkupuo mmoja, nyasi ndefu vile tena zenye umande.

Nikarudisha waya wa plagi, nikavuta kamba. Ikaingia nyasini, ikaenda, ikageuka, ikarudi. Akina mama wakakaa kibarazani kunitazama mpaka nilipomaliza kuizunguka nyumba. Nyoka alitoka akakimbilia mtaroni, ng'ambo ya ukuta. Minza akachukua mfuko wake, akarudi nao ndani.

Siku si nyingi baadaye, asubuhi, nafagia. Minza alikuwa ananawa uso nje, anamtania yule mama wa Kipili. Ghafla akashika ukuta. Nikaona damu miguuni, nyingi. Nikatupa ufagio nikamwita Leokadia. Wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu, na chumba cha upasuaji kipo ng'ambo ya uwanja tu. Wenzake wakakaa kwenye nyasi wakasali rozari. Mimi sikuweza kusali wala kufagia.

Kondo la nyuma lilikuwa limetangulia mtoto, limeziba njia. Wamempasua, amepata binti, na yeye mwenyewe mzima. Leokadia alipotoka aliniambia, "Angekuwa Milepa leo, tungewazika wote wawili." Nilienda nyuma ya stoo nikalia, mama, sikufichi.

Mumewe alipofika kutoka bondeni alinishika mkono, akakaa nao muda mrefu.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Wewe ulituzaa sote nyumbani, kwenye ngozi ile ile, na wote tuko hai. Ndiyo maana uliniambia Kabula asihangaishwe, uzazi si ugonjwa. Sikubishii. Lakini yule mama alikuwa na nguvu, alikuwa anacheka, na damu haikupiga hodi. Nakuomba Kabula aende kukaa kwa shangazi, karibu na hospitali, kabla mwezi wake haujaingia. Nenda naye wewe. Mikono yako ndiyo ninayotaka impokee mjukuu, ila daktari awe jirani.

Nisalimie shangazi, umwambie nitamletea ulezi wa huku. Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, katekista wetu, na mama jirani anayekuchotea maji goti likikaza. Mbuke, ahsante kwa kusoma.

Kabula, mke wangu, kama mama amenyamaza sasa hivi, usiseme neno. Mpe maji anywe, umwache afikiri.

Mwanao anayekupenda,
Luhende