Mstari Uliogeuka na Kamera

Uliyekuwa mchumba wangu,

Neno "mpendwa" katafute kwingine. Salamu pia sina. Jana nilipata ujumbe wako kwamba makala yetu imekubaliwa, na kwamba umeniweka mwandishi wa pili "ili yaishe". Yaishe nini?

Unaikumbuka ile maabara ya Nyegezi, dirisha lisilofungika, harufu ya dagaa ikituingilia mchana kutwa? Tulikaa bega kwa bega tukitazama makundi mawili ya galaksi yanayogongana huko mbali. Ulinifundisha wewe, sikatai: galaksi zenyewe hupishana tu, gesi iliyo katikati yao ndiyo inayogongana, inachemka mpaka inatoa eksirei, na satelaiti inaipiga picha. Siku hiyo nilikupenda, mjinga mimi.

Ndipo tukauona ule mstari pembeni mwa gesi. Ukaruka juu. "Wimbi la mshtuko! Hili hajaliona mtu!" Ukampigia simu mama yangu kule Mkolani. Hakuelewa kitu, akapiga vigelegele hivyo hivyo.

Mimi nikafungua picha ya pili, ya makundi yale yale, iliyopigwa satelaiti ikiwa imegeuka. Mstari nao ulikuwa umegeuka. Sasa wimbi la huko angani litageukaje kwa sababu kamera imegeuka? Ule ulikuwa mshono tu, pale vipande viwili vya kamera vinapokutana, nasi tulisahau kuusahihisha. Nikakuonyesha kwa kidole. Ukafunga kompyuta.

"Wewe mwanamke, unataka nikose nafasi ya utafiti Ulaya?"

Nafasi ukaipata, kwa mshono. Wajomba zako walikuwa wameshavuka ziwa pale Busisi kuleta posa, kamati ya harusi imeshakaa vikao. Ukiwa huko huko ukaandika kwenye grupu la kamati: "Harusi haipo, samahanini wazee." Halafu ukanitoa kwenye grupu. Grupu la harusi yangu mwenyewe! Habari niliipata kwa mama mdogo, aliyekuwa katibu. Mama aliacha kwenda kanisani kwa kuogopa maswali. Sijakusamehe, na mpango huo sina.

Ya mapenzi ningeyameza. Lakini jina langu? Ndilo nililobaki nalo. Wanafunzi wangu wataifungua makala ile, wataiona picha ya hilo "wimbi" lako, watauliza, "Mwalimu, huu si mshono?" Niwajibu nini? Unanipa uongo wako kama zawadi, halafu unangoja nishukuru.

Wahariri nimeshawaandikia, na picha zote mbili nimewatumia. Nawe waandikie leo. Kunitoa unajua. Mara ile ulinitoa bila kuniuliza. Mara hii nakuomba mwenyewe: nitoe.

Ni mimi,
aliyekuwa mchumba wako