Mazoezi ya piano juu ya mto

Jumatano, 1905, kisiwani

Wewe utakayeokota karatasi hii, nakuomba usimwambie mtu. Wapiganaji wanaowasaka Wajerumani wakijua kwamba mimi, karani wa boma, nimemficha bibi wa Kijerumani, tumekwisha.

Bibi ni mpiga piano. Kwao kumbi hujaa watu wanaokuja kumsikiliza. Anasema asipofanya mazoezi vidole vitalala, kwa hiyo leo tena aligonga meza mpaka jirani akauliza nani anapiga ngoma. Nikamjibu ni mimi, napigilia misumari.

Shangazi Mwanaidi, mwenye nyumba, akamwekea mto wa sufi. "Haya mwanangu, kanda huo mpaka uchoke. Karani wetu keshatoka jasho la mwaka mzima."

Bibi alicheka, akapiga wimbo mzima bila sauti. Nilimtazama mpaka mwisho.

Ukija kutuokoa, njoo na mtumbwi maji yakijaa, uulizie kwa Shangazi Mwanaidi. Nafasi ikiwa moja, mchukue Bibi.