Picha za Mayasa na Kadi ya Mama

Mama,

Ukirudi zamu, wali umo chunguni. Picha ulizoniagiza za Dada Mayasa akimuaga Bibi kwenda chuo Dar ninazo zote! Si nilikwambia simu yangu mpya haina haja ya kadi ya memori, kadi ni mambo ya kizamani? ~~Nimezipiga kwa simu yangu.~~ Haya, yangu iligoma, imejaa sura yangu tupu. Nikaikimbilia simu yako kongwe uliyoisahau kwenye chaji; kadi yake bado ina nafasi tele. Nnamsindikiza Dada bandarini Malindi, kwenye boti. Simu yako nimeirudisha kwenye chaji.

Bibi kasimama nyuma yangu, anasoma barua hii, ananiuliza: "Faiza! Na hiyo iliyotuna mfukoni mwako?"

~~Nimeirudisha~~ Nitairudisha.

Mwanao mtiifu