Wivu Wangu kwa Watoto wa Maktaba Yako

Mama Naserian,

Nakuandikia nikiwa na wivu. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungeliona usoni kwangu kabla sijavua viatu, na ungecheka. Hapa nyumbani Olmotonyi hatujambo. Naserian amerudi chuoni. Mahindi ya shamba la juu yameota vizuri, na yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Mengine yote ni wivu tu.

Baada ya mazishi yako, mkuu wa shule aliniomba nirudishe vitabu vya maktaba vilivyobaki chumbani kwetu. Nikavipanga kwenye boksi, nikashuka navyo mjini hadi shuleni kwako Engutoto. Nilidhani nitamkabidhi mtu mlangoni, nigeuze, niwahi kukata majani. Kumbe ilikuwa saa ya mapumziko. Wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wakanizunguka. "Shikamoo baba. Wewe ndiye mume wa Mwalimu?" Nikasema ndimi. Basi wakaanza kunisimulia habari zako. Mimi! Mimi niliyelala kitanda kimoja na wewe miaka yote ile.

Mmoja alisema ulimpa riwaya ya kijana anayetoroka seminari, kwa sababu ulimwona anatazama sana dirishani. Mwingine akasema ulikuwa unamsimulia hadithi mpaka inapokolea, kisha unafunga kitabu na kumwambia, "Mengine kasome mwenyewe." Walikuigiza, hata ile namna yako ya kushusha miwani. Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa naungua. Mimi ulikuwa unaniambia habari za dawa ya kupe na bati la jikoni linalovuja. Hizo hadithi ulikuwa unaziacha wapi ukirudi nyumbani?

Halafu Witness, yule binti mwembamba anayekaa na bibi yake Daraja Mbili. Alichomoa kwenye boksi riwaya ya wale dada wawili walioacha kusemezana kwa sababu ya cherehani ya marehemu mama yao. Akasema, "Hiki kilimliza Mwalimu. Alituambia alilia jikoni kwake mpaka ugali ukaungua."

Mke wangu, ugali ule niliula mimi. Nilikuuliza una nini, ukasema ni vitunguu. Mtoto wa watu anajua ulichokililia, mimi naambiwa vitunguu!

Nikaaga haraka. Witness akanifuata hadi getini. "Baba, Mwalimu aliniahidi kitabu. Alisema kipo kimoja kinanifaa mimi kabisa, atanipa akipona. Hakunitajia jina. Wewe hakukwambia?"

Nikamjibu, "Nitaangalia." Niliona aibu kumwambia kwamba hukuniambia lolote.

Wiki iliyofuata nikarudi, nikamwambia mwalimu anayeshika funguo za maktaba kwa sasa kwamba nataka kuazima kitabu. Alidhani natania. Aliyenihudumia ni Witness. Akaniuliza, "Baba, unapenda nini?" Nikasema ng'ombe. Hakucheka. Alipita kwenye rafu taratibu, akaniletea riwaya ya mzee anayemtafuta fahali wake wakati wa ukame. Niliisoma polepole, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Jioni moja nilisahau hata kukamua. Yule mzee anafanya ujinga mwingi, fahali hatafutwi vile. Nilipofika mwisho niligeuka nikuambie…

Basi.

Tangu hapo naenda kila Ijumaa. Nimesoma kimoja baada ya kingine nikikitafuta kile ulichomwahidi. Kila nikimaliza najiuliza, ni hiki? Sijui. Wewe ulikuwa unamtazama mtoto na kujua. Hilo pia nakuonea wivu.

Juzijuzi shule ilipata vitabu vipya. Miongoni mwavyo kuna riwaya ya binti anayeishi na bibi yake asiyesikia. Wanagombana kwa ishara za mikono, wanachekeshana kwa ishara za mikono. Niliisoma hata chai ikapoa. Ijumaa nikampelekea Witness, nikamwambia ukweli: "Sijui Mwalimu alitaka kukupa kipi, na sidhani kama tutajua. Hiki yeye hakuwahi kukiona. Nimekisoma mimi, na nilikuona wewe humo."

Alikipokea, akakitia kwenye mkoba, akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikijuta, nikijiona mzee aliyejiingiza kwenye kazi isiyo yake.

Ijumaa iliyofuata alikuwa ananisubiri getini, macho yamevimba. "Baba, umenitesa," akasema. Kisha akauliza, "Una kingine?"

Nilifurahi vibaya, mama. Nilifurahi kwa sababu kitabu hicho hukukijua wewe. Huko uliko, ni zamu yako kunionea mimi wivu kidogo.

Lakini nisikudanganye. Wivu wangu kwa wale watoto haujaisha. Wana upande wako ambao mimi sikupewa, na wanautoa kidogokidogo tu, wakikumbuka. Naahidi nitaendelea kwenda na kuwauliza mpaka wa mwisho wao amalize shule. Na Witness hatakosa kitabu maadamu nina macho.

Pumzika, mke wangu. Mimi huku ndiyo kwanza naanza kukufahamu.

Mumeo,
Baba Naserian